Mkanda au Kadi? Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Filamu

Studio yangu iko Mbeya, chini ya bati ambalo mvua ikianza humsikii mteja anachosema. Napiga video za harusi, misiba na kwaya, na mara mojamoja, hali ikiruhusu, filamu fupi za kwangu mwenyewe. Juu ya kabati kuna kamera ya mkanda ya Bolex, ya milimita 16 (huo ni upana wa mkanda), niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha gari la sinema la serikali. Kila anayeingia huiona, na kila anayeiona huuliza. Swali moja huzaa la pili, na saa moja baadaye tunabishana kama filamu iliyopigwa kwa kamera ya dijitali, kwenye kadi ya kuhifadhia badala ya mkanda, ni filamu kweli. Nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hiyo nayaandika. Maswali nimeyaacha yalivyoulizwa.

Hiyo kamera ya kabatini bado inafanya kazi?

Inafanya. Haina betri wala waya. Unazungusha ufunguo wa ubavuni mpaka springi ikaze, unabonyeza, inakwenda sekunde 28 hivi, kisha inasimama yenyewe, hata kama bwana harusi ndiyo kwanza anashika kidole cha kuvishwa pete. Inabeba mkanda wa futi 100. Kwa mwendo wa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, mkanda huo unaisha kabla dakika 3 hazijatimia. Tangu niwe nayo nimepiga mikanda miwili tu. Sababu utaziona huko chini.

Seluloidi ni kitu gani hasa?

Ni plastiki ya zamani, iliyotengenezwa kwa pamba iliyopikwa na asidi kisha ikalainishwa kwa kafuri. Mwaka 1889 kampuni ya Eastman ya Marekani ilianza kuuza mikanda ya plastiki hiyo kwa wapiga picha, na sinema ikazaliwa juu yake. Kasoro yake ni moto. Ikishika inawaka hata ukiizamisha majini, kwa sababu hewa ya kuwakia imo ndani yake yenyewe. Majumba mengi ya sinema duniani yaliteketea kwa ajili hiyo. Baadaye ikaja asetati, isiyowaka ovyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kodak, yaani kampuni ileile ya Eastman, wakaacha kabisa kutengeneza ile ya moto. Kwa hiyo ndugu zangu wanaotetea seluloidi leo wanatetea jina tu. Plastiki yenyewe ilishastaafu kabla wazazi wao hawajaoana.

Juu ya plastiki hupakwa gelatini iliyochanganywa na chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa zinabadilika, na ukizisafisha kwa dawa gizani picha inatokea. Kiswahili kimetuwekea neno moja kwa vitu viwili hapa: fedha ya madini na fedha ya mfukoni. Mkanda unakula zote mbili.

Kwenye dijitali, mahali pa fedha kuna kihisi cha silikoni chenye vijisanduku mamilioni, kila kimoja kinapima mwanga na kuutoa kama namba. Mafundi wa Mwanjelwa hukiita "sensa". Mwaka 2022, wa kuhesabu watu, tulicheka sana.

Ni kweli mkanda una uhalisi na dijitali ni ya kuigiza?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni mbwembwe. Vuta kiti.

Hoja ya watu wa mkanda haidharauliki. Wanasema: mwanga uliotoka usoni kwa mama yako ndio uleule uliogusa ile fedha na kuibadilisha. Mkanda basi ni ushahidi, kama wayo wa mguu kwenye tope la Uyole. Mfaransa André Bazin, mhakiki wa filamu, alishaandika mwaka 1945 kwamba picha ya kamera si kama mchoro wa mkono, kwa kuwa kitu chenyewe kinashiriki kujichora. Dijitali, wanasema, inageuza wayo kuwa namba, na namba unaweza kuiandika upya ukiwa umekaa.

Mimi huwajibu kwamba mwanga unagusa silikoni pia. Hakuna kamera inayoona bila kuguswa. Tofauti iko kwenye umbile. Chembe za fedha zimetawanyika bila mpangilio, na kila fremu ina mtawanyiko wake, kwa hiyo hata ukipiga ukuta mtupu, ukuta huo kwenye mkanda unaonekana kama unapumua. Vijisanduku vya kihisi vimepangwa kama mistari ya chai Mufindi, havisogei. Jicho linaupenda ule upumuaji. Hata mimi naupenda. Lakini kupendeza ni jambo moja, na ukweli ni jambo jingine.

Kuhusu ukweli, mkanda hauna rekodi safi ya kututambia sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa sinema kutoka Vugiri, kule milima ya Usambara, wakapiga filamu kama 35 za milimita 16 kuhusu safura, malaria, kilimo na kuweka akiba posta. Walizitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 kikaja kitengo rasmi cha filamu cha makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa harakaharaka, kwamba lazima aonyeshwe kitu kimoja polepole mpaka akielewe. Fedha ilikuwa halisi, gelatini halisi, mwanga wa jua letu halisi kabisa. Kilichosemwa juu ya akili za babu zetu kilikuwa uongo. Uongo huo ulipigwa kwenye mkanda safi, ukasafishwa vizuri, ukahifadhiwa.

Je, mkanda hauna kitu? Unacho, ila si kile wanachokitaja. Nitakupa kisa.

Nilikwenda Iringa kupiga harusi, kuanzia asubuhi saluni mpaka usiku ukumbini. Nilirudi na saa tisa za picha. Saa tisa! Nilipokaa kuediti nilitafuta mahali ambapo mama wa bibi harusi anamtazama mwanaye kwa mara ya mwisho akiwa wa nyumbani kwake. Hapakuwepo. Nina keki, nina miguu ya watu wakicheza, nina MC akichekesha kwa dakika arobaini. Kamera ilikuwa macho siku nzima, na mimi nilikuwa nimelala.

Mwaka huohuo nilikwenda na ile Bolex kwa bibi yangu Rungwe. Nilisimama uani kwake karibu nusu saa bila kubonyeza chochote, kwa sababu nilikuwa na dakika mbili na kitu tu na sikutaka kuzimwaga. Nikaona anavyoukagua mkungu wa ndizi: haushiki kwanza, anauzunguka, anaupima kwa macho, ndipo anaugonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Nimekua kwenye uwanja ule na sikuwahi kuliona hilo. Nikakaza ufunguo, nikapiga. Sekunde 28.

Ubahili ndio uliofanya kazi ile. Fedha ya kwenye mkanda haikuhusika. Sasa nikienda kupiga kitu changu mwenyewe nachukua kadi ya GB 32 makusudi, ambayo kwa kiwango ninachorekodi inajaa kwa dakika 42 hivi, na kadi ya pili naiacha nyumbani. Wenzangu wananicheka.

Basi Bongo muvi si filamu, ni video tu?

Huyu aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa chuo, na alilitamka neno "video" kama mtu anayetaja ugonjwa.

Nchi hii ilikuwa na mikanda. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na miaka ya 1970 na 1980 kazi kadhaa zilipigwa kwa mkanda. Lakini kila futi ya mkanda iliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na unakumbuka, au umesimuliwa, fedha za kigeni zilivyokuwa wakati wa foleni za sabuni. Watu waliojua kazi walikuwepo. Waliishiwa kitu cha kupigia.

Zikaja kamera za VHS, kisha za kidijitali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana waliokuwa wakiigiza kwenye televisheni wakaanza kutengeneza filamu zao, wakaziuza kwenye kanda na baadaye kwenye VCD. Sauti mbovu, taa mbovu, sebule ileile ya makochi makubwa. Nakubali yote hayo, na sitazitetea zote. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Makambako kuingia kibanda umiza kwa shilingi zake mia, akakuta watu wanagombana kwa Kiswahili kuhusu kiwanja, mchepuko na mama mkwe.

Januari 2012 Kodak, mama wa mikanda, waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Aprili 7 mwaka huohuo alifariki Steven Kanumba, nyota wa Bongo muvi. Nilikuwa kwenye basi la kutoka Njombe siku ya mazishi, na kila kituo tulichosimama kulikuwa na watu wamekusanyika mbele ya televisheni ya duka wakilia. Maelfu waliomsindikiza mpaka makaburi ya Kinondoni walikuwa wanamlilia mtu waliyemjua kwa video. Sasa nenda kawaambie si filamu.

Kwa nini ndugu zangu wakipigwa picha wanatoka weusi tii, sura hazionekani?

Sehemu ya jibu ni historia, sehemu ni uvivu wa mpiga picha.

Historia yenyewe ni hii: kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe. Zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa za mwanzo. Rangi ikikaa sawa kwa Shirley, basi ni sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Na waliosaidia kuleta mabadiliko, kuanzia miaka ya 1970, ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba mbao zao nyeusi na chokoleti zao hazitofautiani kwenye picha. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Mwenye kuniambia mkanda ni chombo kisicho na upande, humpa habari hiyo kwanza.

Kihisi cha kisasa kinasoma ngozi nyeusi vizuri zaidi kuliko mikanda ile, ila nacho kina watu nyuma yake. Simu nyingi zina kitu cha "urembo" kinachosafisha uso bila kuulizwa, na kusafisha kwake ni kung'arisha. Nilimpigia bibi harusi mmoja wa Tukuyu kwa simu ya msaidizi wangu kwa sababu betri zangu zilikuwa zimekwisha. Mama yake alipotazama akauliza, "Huyu ni nani?" Zima hicho kitu.

Upande wa uvivu, kumbuka hivi: mkanda unaogopa giza, kadi inaogopa jua. Negativu ya mkanda ukiizidishia mwanga inavumilia, ukiipunja inatoka chafu yenye chembe. Dijitali ni kinyume chake: ukiizidishia, shela jeupe linaungua na kugeuka karatasi, na hakuna programu itakayolirudisha, ukiipunja kidogo, unaweza kuvuta sura baadaye. Kwa hiyo kwenye jua la saa saba mchana usihangaike na mipangilio. Mtoe bibi harusi chini ya jua, mpeleke kwenye kivuli cha ukuta au cha mti, umgeuze atazame kule mwanga unakotoka. Siri ya picha nzuri ya ngozi yetu iko kwenye mwanga wa pembeni unaoteleza juu ya shavu. Taa ya kumulika uso kwa uso, ile wanayoipenda kumbini, ipeleke kwa adui yako.

Nikitaka kupiga filamu ya dakika 90 kwa mkanda wa milimita 16, inakuwaje?

Hesabu mwenyewe. Mkanda wa futi 400 ni dakika 11. Tuseme wewe ni mbahili sana, kila dakika moja itakayobaki umepiga tano. Hizo ni dakika 450, sawa na mikanda 41. Kuinunua, kuisafirisha, kuisafisha, kuigeuza iwe dijitali ili uiediti, maana karibu kila mtu siku hizi anaediti kwenye kompyuta hata kama amepiga kwa mkanda. Hapa Mbeya hakuna pa kuisafishia. Mimi ya kwangu niliituma London. Dakika hizo 450 kwa kamera yangu ya megabiti 100 kwa sekunde zinakaa kwenye GB 340 hivi, na diski ya kuzitunza unaikuta dukani, unarudi nayo mfukoni.

Usipitishe mkanda ambao haujasafishwa kwenye mashine za mionzi za uwanja wa ndege. Za mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege zinauharibu, na mashine mpya za mizigo ya mkononi zinaharibu vilevile. Omba ukaguliwe kwa mikono, kwa upole, na fika mapema. Mkanda wangu wa kwanza ulirudi na utando wa ukungu fremu zote. Niliowatuma kuupeleka wakasema haukupitishwa kwenye mashine yoyote. Sawa.

Mwalimu, mbona video ya simu yangu ina mistari inayopanda na kushuka ukumbini?

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, bila wewe kuona. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa fremu 30 kwa sekunde, kwa umeme wa Marekani wa hezi 60. Hesabu hazikutani, mistari inatokea. Weka fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukipenda 24 kama sinema, bado acha shata 1/50. Kama simu yako haikupi nafasi ya kuchagua, kuna programu ya bure ya Blackmagic Camera inayokupa.

Na hizo 24 hazikushuka mbinguni. Sinema bubu ilikwenda kwa mwendo wowote, opereta akizungusha kwa mkono. Sauti ilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikalazimu mwendo mmoja usiobadilika, na 24 ilikuwa ya kutosha sauti isikike vizuri bila kula mkanda mwingi mno. Ubahili tena! Leo watu huutafuta mwendo huo kwa kuwa "ndio wenye roho ya sinema".

Kuna programu ya kuweka chembechembe na mikwaruzo ionekane ya zamani. Nitumie?

Kwa harusi ya watu? Mteja akilipa, weka. Kwenye kazi yako, jiulize mikwaruzo ni ya nini. Mkanda uliokwaruzika ulipita kwenye projekta mara mia, ukaangukia mchanga, ukaungwa kwa gundi. Mikwaruzo ni makovu. Kovu la kuchora kwa kalamu mimi huliona kwa sekunde tatu, kwa sababu linajirudia mahali palepale kila baada ya muda.

Chembe ndogo za kulainisha picha iliyo kavu mno ni jambo jingine. Hata wakubwa hufanya. Tia kama chumvi.

Wakubwa duniani wameamua nini?

Hawajaamua. Fujifilm waliacha kutengeneza mikanda ya kupigia sinema mwaka 2013, na Kodak karibu wabaki peke yao. Waongozaji Christopher Nolan na Quentin Tarantino wamekataa kuhama, nao wana fedha ya kukataa. Wanaonivutia zaidi ni wawili wengine.

Mmoja ni Abbas Kiarostami, Mwairani, aliyekwisha kupata jina kubwa kwa mkanda. Mwaka 2000 alialikwa jirani zetu hapa Uganda kutazama hali ya watoto yatima. Alikuja na kamera ndogo za dijitali kwa ajili ya kuchukua maelezo tu, kama daftari, akikusudia kurudi kupiga filamu rasmi. Alipotazama alichonacho akaona filamu ni ileile ya daftari, kwa sababu watoto hawakuiogopa kamera ndogo. Ikatoka mwaka 2001, na hakuirudia kwa mkanda.

Wa pili ni Sean Baker wa Marekani. Mwaka 2015 alionyesha filamu aliyoipiga mitaani kwa simu za iPhone 5s. Kila kijana anayekuja hapa ananitajia huyo kama uthibitisho kwamba mkanda umekufa. Wasichojua ni kwamba mwaka 2024 Baker huyohuyo alishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa filamu aliyoipiga kwa mkanda wa milimita 35. Alitumia simu pale ilipofaa hadithi na mfuko wake, akatumia mkanda pale ulipofaa. Hajaomba radhi kwa wowote.

Kamera ikitoka Kitulo kwenda Kyela inaingia maji ndani. Nifanyeje?

Si mvua hiyo, ni joto. Kamera iliyolala kwenye baridi ya Juni kule juu ukiishusha mpaka Kyela, penye joto na unyevu wa Ziwa Nyasa, hewa inatoa jasho juu ya kioo na ndani ya lenzi. Kabla ya kuteremka ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uuache umefungwa mpaka kamera ipate joto la mahali. Huko juu kwenye baridi weka betri za akiba mfukoni, karibu na mwili.

Kipi kinadumu zaidi?

Mkanda, kama umetunzwa. Dijitali, kama imehamishwa. Vyote viwili huoza kwa njia yake.

Asetati ikiharibika inanuka siki, inajikunja, na harufu hiyo inaambukiza mikanda ya jirani kabatini. Rangi za mikanda ya zamani hupauka, samawati ikitangulia, mpaka kila mtu anabaki mwekundu kama amepakwa vumbi la Mbarali. Joto na unyevu ndio adui, kwa hiyo baridi yetu ya nyanda za juu ni kabati zuri kuliko Dar es Salaam. Na mkanda una fadhila moja ambayo kadi haina: hata projekta zikifa zote, unauinua dirishani na kumwona mtu.

Kwenye dijitali, mimi nina kanda za MiniDV za kwaya za mwaka 2009, nzima kabisa, na sina mashine ya kuzichezea. Nina pia diski moja yenye mazungumzo na wazee watatu wa Rungwe kuhusu ujenzi wa reli ya TAZARA. Ilianguka kutoka mezani, sentimita sabini, basi. Fundi wa kwanza aliitikisa sikioni kama nazi, akanirudishia. Kwa hiyo: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Na kila miaka michache hamisha.

Nimekuta mikanda ya zamani kwenye sanduku la marehemu babu. Niiwashe?

Usiiweke kwenye projekta yoyote, itakatika. Inuse. Ikinuka siki, itenge na mingine, iache ipumue mahali pakavu penye baridi. Kama ni ya milimita 16, usiogope moto. Ukubwa huo tangu uanze mwaka 1923 ulikuwa wa plastiki ya usalama. Kisha njoo nayo, tuiangalie dirishani.

Unapiga HD au 4K?

4K, ile yenye picha kali zaidi. Utaitazama kwenye WhatsApp.

Akili mnemba sasa inatengeneza watu wasiokuwepo. Itakuwaje?

Hapo hakuna mwanga uliogusa kitu, iwe fedha au silikoni. Hapo ndipo ugomvi wetu wa mkanda na kadi unapoonekana ulikuwa ugomvi wa ndugu. Mengine sina.

Ungelazimishwa kubaki na kimoja, ungechagua kipi?

Mkanda wa pili, ule wa mkungu wa ndizi, ulirudi mzima. Niliugeuza dijitali, nikakopa projekta ndogo, nikaenda Rungwe, nikatundika shuka ukutani. Dakika mbili na sekunde arobaini. Uani kwa bibi pamejaa wajukuu na majirani. Rangi za ule mkanda sijawahi kuzipata kwa kamera nyingine: kijani cha migomba kimekolea, na kitenge cha bibi kinawaka bila kuungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, angalau ya kwangu.

Bibi alitazama mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mbona sisemi?"

Nikamweleza kwamba kamera ile hairekodi sauti.

"Nilikuwa nakusema siku hiyo yote, kwamba umesimama uani kama mdai. Mbona hakuna?"

Binamu yangu akatoa simu. Alikuwa amerekodi siku ileile, kwa wima, kidole kimeziba kona moja ya picha, na jua limeunguza nusu ya ukuta. Bibi anasikika akinisema, akimfukuza kuku, akinisema tena, kisha akicheka. Waliomba irudiwe mara nne.

Shuka tukalikunja. Bolex niliirudisha juu ya kabati, na nimeagiza mkanda mwingine.